Saa ya Maji: Kusafiri kwa Chombo katika Milango ya Lamu

Njia yoyote atakayoshika msafiri kutoka Isiolo kwenda Lamu, hatua ya mwisho ni ya chombo. Akija kwa basi kupitia Nairobi, Mombasa na Garsen, barabara inamkatikia Mokowe. Akija kwa ndege anashuka Manda, na mji wa Lamu anautazama ng'ambo ya maji. Hata ushoroba wa LAPSSET, uliozinduliwa Machi 2012 kwa nia ya kuiunganisha Isiolo na bandari mpya ya Lamu, unaishia ukingoni mwa bahari hiyohiyo. Kuanzia hapo, anayetaka kufika Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau au Kiwayu hana budi kupanda mashua, jahazi au boti la mashine.

Maji ya huko ndani yametulia kuliko bahari kuu. Visiwa vimekaa mbele ya pwani kama ukuta, na nyuma yake mna milango, mikondo na hori zilizozungukwa na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti ya Lamu. Hatari kubwa ya kuzama kwa mawimbi haiko sana humo ndani. Iko nje ya visiwa na kwenye midomo ya milango. Matatizo ya ndani ni madogo na ya kila siku: chombo kukwama mchangani, mashine kugoma, wavu kunasa kwenye rafadha (pangaboi ya mashine), maji kuingia ngamani (chini kabisa ndani ya chombo). Mengi huzidishwa na jambo moja, nalo ni mtu kuondoka bila kuhesabu saa ya maji.

Kujaa na kupwa

Mtu aliyekulia Isiolo anaujua mto unaokuja bila hodi. Ewaso Nyiro unaweza kufurika Archers Post jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali, kwenye Mlima Kenya na Aberdare. Bahari haina tabia hiyo. Inapanda na kushuka kwa ratiba, na ratiba yenyewe inafuata mwezi uleule unaotazamwa Isiolo kwa ajili ya Ramadhani na Idi.

Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo wakati wa kujaa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuzunguka tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kuzunguka tarehe 8 na 22, tofauti ya kujaa na kupwa hupungua, nayo huitwa maji mafu. Wakati wa bamvua, tofauti hiyo huko Lamu hukaribia mita 3, kimo cha kutosha kugeuza mlango wa kupitisha jahazi kuwa uwanja wa matope.

Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hupinduka: kujaa huangukia saa nne au saa tano. Anayejua tarehe ya mwezi anaweza kukadiria saa ya maji akiwa bado sokoni Isiolo. Kwa hesabu kamili kuna jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari za Kenya. Jambo la kuangalia ni kwamba jedwali huandikwa kwa saa za kizungu: 1600 ni saa kumi jioni. Wageni wamewahi kukosa safari kwa kusoma 1000 wakaielewa kuwa saa kumi.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia wa nchi nyingi hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: katika saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu 1 kati ya 12, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Ikiwa tofauti ni mita 3, saa ya kwanza inaongeza sentimita 25 tu, lakini ya tatu na ya nne zinaongeza sentimita 75 kila moja. Katika saa hizo mbili za kati ndipo mkondo unapokwenda mbio kuliko wakati wowote. Mashua ndogo isiyo na mashine ikikutana nao uso kwa uso itapiga makasia pale ilipo bila kusogea.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni fupi: milango myembamba ipitwe maji yakipanda. Mlango wa Mkanda, unaotenga Manda na bara na ulio njia ya mkato ya kutoka Lamu kwenda Pate, kwa miaka mingi ulilazimisha vyombo kungoja maji. Anayeuingia saa mbili kabla ya kujaa, hata akigusa mchanga, atainuliwa na maji baada ya dakika chache. Anayeuingia maji yakishuka akigusa mchanga atalala hapo. Hori ya Takwa, inayoelekea magofu ya mji wa kale yaliyo Manda, ni hivyohivyo. Siku za bamvua chombo kinaweza kuingia saa tisa alasiri, lakini saa kumi na moja jioni kinapaswa kuwa kimeshatoka.

Upepo na majira

Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Ni upepo wa kiasi na ndio majira mazuri zaidi kwa mgeni. Kusi huanza kuingia Aprili pamoja na mvua za masika na hukaza kati ya Juni na Agosti. Katika majira ya kusi bahari ya nje ya visiwa huchafuka, na safari ya Kiwayu ni afadhali ipite ndani, nyuma ya kisiwa cha Pate, ingawa njia hiyo ina mafungu mengi ya mchanga na yataka nahodha anayeijua.

Mahali pa kuogopwa ni mdomo wa mlango upande wa Shela. Maji yakitoka kwa nguvu huku kusi ikivuma kutoka baharini, upepo na mkondo hugongana na mawimbi husimama wima, mafupi na makali. Chombo kilichopita hapo asubuhi kwa utulivu kinaweza kujaa maji jioni. Dawa ni kungoja mkondo ugeuke. Asubuhi kwa kawaida upepo ni mwepesi, na unaongezeka mchana. Kwa sababu hiyo safari ndefu huanza alfajiri, saa ya maji ikiruhusu.

Kuchagua chombo na nahodha

Ukaguzi wa chombo hauhitaji ufundi. Mgeni atazame ngamani: maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu kabla ya safari kuanza ni dalili ya kalafati (pamba inayoziba kati ya mbao) iliyochoka. Atazame kamba ya henza (ya kutweka tanga) na ya demani (ya kulishikilia tanga) kama zimechakaa, nanga kama ipo na kama ina kamba ya kutosha, na makasia au upondo (mti wa kusukumia chombo) kama umo. Boti la mashine lisilo na kasia hata moja halifai kupandwa.

Jaketi la kuokolea liwepo kwa kila abiria, livaliwe, lisifanywe mto wa kukalia. Kumiliki leseni na kuwa na majaketi ni masharti yanayosimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA). Abiria ana haki ya kuuliza kabla hajalipa, na ana haki ya kushuka akiona watu wamezidi. Meli ya Spice Islander I iliyozama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa imebeba watu wengi mno kuliko uwezo wake, na mamia walikufa. Mashua ya watu kumi huzama kwa sababu ileile.

Nauli ikubaliwe ufukweni, pamoja na mambo matatu yanayozua ugomvi baadaye: nani ananunua mafuta, nani analisha, na itakuwaje kama upepo au maji yatalazimisha kulala njiani. Nahodha akisema safari haitoki leo, neno lake ni la mwisho. Ijumaa adhuhuri vyombo vingi husimama kwa ajili ya sala, kwa hiyo ratiba ipangwe kabla au baada yake. Katika miji kama Siyu na Faza mavazi ya heshima hufungua milango ambayo pesa haifungui, na kwa mtu wa Isiolo desturi hiyo si ngeni.

Vya kubeba

Jua la baharini humpiga mtu mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na maji ya kunywa yasiyopungua lita 3 kwa mtu kwa siku ni mahitaji ya lazima, na yaongezwe akiba ya siku moja. Simu, pesa na kitambulisho vifungwe katika mfuko usiopitisha maji. Viatu vya plastiki vinavyobana mguu vinafaa kuliko kandambili, kwa sababu chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata nyayo kama wembe.

Kwa chombo chenyewe, vifaa vichache humaliza matatizo mengi: kisu kikali, tochi, kamba ya akiba, upo wa kufulia maji, pamba ya kalafati na mafuta, sindano nene na uzi wa kushonea tanga. Boti la mashine liongezewe plagi mbili mpya, spana ya plagi, koleo na pini ya akiba ya rafadha kama mashine inaitumia. Mafuta yagawanywe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na moja isiyoguswa ila kwa dharura.

Chombo kinapokwama

Dalili za kina kifupi huonekana kabla ya kuguswa. Maji ya buluu iliyokolea ni marefu. Kijani kibichi cheupecheupe ni mchanga ulio karibu. Madoa ya kahawia ni mwamba au nyasi. Rangi hizo husomeka vizuri jua likiwa juu na nyuma ya mtazamaji. Jua la jioni likiwa mbele hugeuza maji yote kuwa kioo, na huo ni wakati wa kupunguza mwendo na kumweka mtu omoni (mbele ya chombo) na upondo.

Chombo kikigusa, swali la kwanza ni kama maji yanapanda au yanashuka. Yakiwa yanapanda, mashine izimwe, tanga litunguliwe na nanga itupwe ili upepo usikisukume chombo juu zaidi kwenye fungu. Kisha watu wangoje. Yakiwa yanashuka, kuna dakika chache tu za kufanya kazi. Watu washuke upande usio na kina kirefu ili chombo kiwe chepesi, kisha wakisukume kurudi kilikotoka, kwa sababu huko ndiko kina kinakojulikana. Kukisukuma mbele kwa matumaini ndiko kunakokizamisha zaidi mchangani. Anayetembea majini aburute miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani apate kukimbia kabla hajakanyagwa.

Juhudi zikishindikana kwa dakika kumi, ziachwe. Chombo kimepwelewa, na kitakaa hapo hadi maji yarudi. Kazi inayobaki ni kukizuia kisilale ubavu: kiegemezwe kwa gadi (miti ya kutegemeza) pande zote mbili, au mzigo uhamishiwe upande wa juu wa mteremko. Nanga ipelekwe mbali kuelekea maji marefu na kuzikwa, ili chombo kikielea kivutwe kuifuata. Kisha ni chai, kivuli cha tanga na subira. Tahadhari moja ni ya kukumbuka: chombo kikikwama kileleni mwa bamvua, kujaa kwa siku zinazofuata kutakuwa kudogo, na kinaweza kubaki hapo karibu wiki mbili. Siku hizo nahodha mzoefu hukaa mbali na kingo za mafungu.

Mashine inapogoma

Mashine za nje za boti nyingi za pwani ni za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili katika petroli. Kwa nyingi kipimo ni 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, lakini kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Oili ikipungua, mashine hufa. Ikizidi, plagi huloa na kushika masizi.

Inapozima, utafutaji ufuate mpangilio, usiruke huku na huko. Kwanza mafuta: je, yamo, tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefunguliwa, mpira wa mafuta haujapindika au kukanyagwa? Pampu ya mkono iliyo kwenye mpira ikibinywa iwe ngumu. Ikibaki laini, hewa inaingia mahali fulani au tangi ni tupu. Pili, kamba ya kuzimia mashine, ambayo nahodha huifunga mkononi: ikichomoka mashine haiwaki hata ivutwe mara mia. Tatu, plagi: itolewe, ipanguswe au ibadilishwe. Nne, maji ndani ya petroli, kosa la kawaida mahali ambapo mafuta huuzwa kwa madumu. Maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo chujio lifunguliwe limwagwe.

Kuna dalili moja ya kutazamwa safari nzima: uzi wa maji unaoruka pembeni mwa mashine. Maji hayo ndiyo yanayoipoza. Yakikatika, mashine izimwe mara moja, iinuliwe, na njia ya kuingizia maji isafishwe nyasi, mchanga au mfuko wa plastiki. Kuendelea kwa dakika tano bila uzi huo kunaweza kugeuza tatizo la bure kuwa gharama ya mashine mpya.

Rafadha ikinasa wavu au kamba, mashine izimwe kabisa kabla ya mkono wowote kukaribia. Iinuliwe, rafadha izungushwe kwa mkono kinyume cha mzunguko wake, na kinachobaki kikatwe kwa kisu. Kama wavu una mwenyewe, atafutwe na kuelezwa. Wakati wote huo nanga iwe chini, kwa sababu chombo kisicho na mashine hubebwa na mkondo huku watu wameinamia tezi (nyuma ya chombo).

Maji ngamani, tanga na nanga

Chombo cha mbao kilichokaa juani siku nyingi huvuja kikirudishwa majini, hadi mbao zivimbe na kubana. Mvujo wa namna hiyo hupungua wenyewe. Mvujo unaoongezeka utafutwe: ngama ifuliwe ikauke, kisha macho yafuate maji yanapochipukia kati ya mbao. Pamba iliyolowa mafuta ikishindiliwa kwa ncha butu huzuia maji hadi bandarini. Pasipo pamba, kitambaa kilichopakwa grisi au sabuni ya mche hufaa kwa saa chache. Kazi ya kudumu iachiwe mafundi wa Matondoni, kijiji cha Lamu kinachojulikana kwa uundaji wa vyombo.

Upepo ukikaza ghafla, tanga litunguliwe mapema. Manahodha wa pwani hawaoni aibu kufanya hivyo. Demani isifungwe fundo la kudumu. Ishikwe mkononi au ifungwe fundo la kufyatuka, ili upepo ukipiga tanga liachiwe papo hapo. Tanga lililochanika kidogo lishonwe kabla ya kutwekwa tena, kwa sababu tundu la kidole likipigwa na upepo huwa la mkono.

Makosa ya nanga hutokana na kusahau kujaa. Chombo kilichotiwa nanga katika mita 2 maji yamekupwa kitakuwa katika mita 5 maji yakijaa siku ya bamvua. Kamba iwe mara tano ya kina cha kujaa, yaani mita 25 katika mfano huo, la sivyo nanga itang'oka usiku. Kabla ya kulala, alama mbili za nchi kavu zitazamwe zikiwa katika mstari mmoja. Asubuhi zikiwa zimeachana, chombo kimehama. Katika Ghuba ya Manda, ambako bandari mpya ilianza kazi Mei 2021, vyombo vidogo visitie nanga wala kukatiza kwenye njia ya meli. Meli kubwa haiwezi kusimama wala kukwepa kwa ghafla.

Afya na msaada

Kichefuchefu cha bahari huwapata hata wenye nguvu. Abiria akae katikati ya chombo, atazame upeo wa macho, ale kidogo kikavu, na tangawizi huwasaidia wengi. Dalili za jua kali, kama kichwa kuuma, kizunguzungu na mkojo mweusi, zishughulikiwe mapema kwa kivuli na maji. Jeraha la chaza au mwamba lioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, kwa maana huoza upesi.

Msaada wa karibu zaidi ni chombo kingine. Kuinua na kushusha mikono yote miwili taratibu, au kupeperusha nguo ya rangi kali juu ya kasia, ni ishara inayoeleweka na wavuvi. Chombo chenye redio kitumie chaneli 16. Penye mtandao wa simu, namba za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Kwa kuwa mtandao hukatika katika sehemu nyingine za njia ya kaskazini, mtu wa nchi kavu aachiwe habari tatu: chombo gani, kinakwenda wapi, na saa ngapi aanze kuuliza. Kabla ya safari ya kuelekea Kiwayu na Kiunga, hali ya usalama iulizwe kwa maafisa wa Lamu, na amri yoyote ya kutosafiri usiku ifuatwe.

Tatizo likiwa dogo lina tiba ndogo, mradi likutwe saa inayofaa. Maji yakipanda, mchanga wa Mkanda ni mahali pa kungoja dakika kumi. Yakishuka, ni kitanda cha usiku mzima. Mashua ni ileile na nahodha ni yuleyule. Kabla ya kuuliza nauli Mokowe, msafiri aulize maji yanajaa saa ngapi.